Milima ya Bugarama na Mwanga Uipimao

Aliyewahi kusafiri kutoka Bujumbura kwenda Rumonge kwa barabara kuu ya ufukweni ajua jinsi nchi ile ilivyo. Mkono wa kuume ni Ziwa Tanganyika, limetandaa; mkono wa kushoto ardhi imesimama. Katikati hapana nafasi kubwa: ni ukanda mwembamba wa michikichi, mihogo na nyumba, kisha kilima. Bugarama ni mojawapo ya sehemu hizo. Si ile Bugarama ya njia panda ya Muramvya, ambako wasafiri husimama kununua mboga, bali ni ile ya kando ya ziwa, iliyokuwa tarafa, na ambayo mwaka 2015 ilitiwa katika mkoa wa Rumonge uliokuwa mpya wakati huo. Makazi yake huanzia ufukweni, penye Magara, yakapanda mlimani kwa vijia vya miguu.

Nchi hiyo ya miteremko huitwa Mumirwa. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa milima igawayo maji ya Kongo na ya Nili hupita mita 2,000. Kimo chote hicho hushuka katika umbali usiofika kilomita 30. Mvua ikinyesha kule juu, maji hayana mahali pa kupumzika. Mwishoni mwa Machi 2015 ardhi iliporomoka Rutunga na Gitaza, katika tarafa jirani ya Muhuta. Watu walikufa, nyumba zikasombwa, na barabara ile kuu ikakatika.

Basi mwenye nyumba wa Bugarama, kila msimu wa mvua unapokaribia, ana maswali mawili ambayo hapana budi kuyauliza. La kwanza: kilima kilicho nyuma ya jiko kina umbo gani hasa? La pili: je, umbo hilo labaki vile vile, au lasogea? Maswali hayo yaonekana mepesi, lakini yamewashughulisha wataalamu wa vipimo kwa zaidi ya miaka 150, na majibu waliyoyapata yametoka kwa mwanga.

UMBO LISILO NA UPANDE ULIONYOKA

Meza hupimwa kwa urefu, upana na kimo, na kazi ikaisha. Kilima hakipimwi hivyo. Kama uso wa mtu, kama chungu kilichofinyangwa kwa mkono, hakina upande ulionyoka; kila hatua ina kimo chake. Ili kulieleza umbo la namna hiyo, yafaa kupima nukta nyingi mno, maelfu kwa maelfu, na kusema kila moja iko wapi na iko juu kiasi gani. Kwa fimbo na kamba kazi hiyo ingechukua miezi, na kabla haijakwisha mvua ingekuwa imekwisha kubadilisha sehemu iliyopimwa kwanza.

Tena yako mambo ambayo hayafai kuguswa kabisa. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ziko nyayo zilizokanyagwa katika majivu ya volkano miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita, ambazo kundi la Mary Leakey lilizifukua katika miaka ya 1970. Kila chombo kinachowekwa juu ya nyayo hizo huweza kuzila. Kwa hiyo zilipigwa picha za vipimo, na katikati ya miaka ya 1990 zikafukiwa tena ili zihifadhiwe. Wanaotaka kujua kina cha kisigino huzipima picha, si majivu.

Sababu nyingine ni mwili wa binadamu. Mtu aliyekatwa mguu huhitaji mguu wa bandia wenye tundu linalolingana sawasawa na kisiki chake; likizidi hulegea, likipungua huchubua. Desturi ni kukifunga kisiki kwa plasta ili kupata umbo lake. Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, Uganda, ilianza katikati ya miaka ya 2010 kujaribu njia nyingine: kifaa cha mkononi huzungushwa kando ya kisiki bila kukigusa, mwanga hulichukua umbo, na kompyuta hulichora tundu.

Nyayo huharibika zikiguswa, na kisiki huumia. Kilima nacho ni cha hatari kwa yule anayekipanda kukipima, hasa kikiwa kimeanza kupasuka. Hiyo ndiyo maana ya kutafuta kipimo kisichogusa.

JARIBIO LA NJITI ZA MAKUTI

Jinsi mwanga unavyoweza kupima umbo si siri ya wataalamu peke yao. Kina mama na watoto waweza kuiona uani kwao, na vifaa ni vya bure.

Zikusanywe njiti za makuti, zile za kufanyia ufagio, zikafungwe sambamba juu ya vijiti viwili kama chaga ya kitanda, zikiachana upana wa kidole. Asubuhi jua linapokuwa limeinama, chaga hiyo ishikwe juu kidogo ya mkeka uliotandikwa palipo sawa. Vivuli vitaanguka juu ya mkeka kama mistari iliyonyoka. Sasa chungu kifudikizwe juu ya mkeka na vivuli viangukie juu yake. Mtu akisimama kando na kutazama, ataona mistari ile imepinda: imejikunja ikifuata tumbo la chungu, na inyookapo tena ni pale chungu kinapokwisha na mkeka kuanza.

Mistari ya vivuli haikubadilika. Kilichobadilika ni uso iliouangukia. Kwa hiyo kupinda kwa mstari ni habari ya kimo. Palipoinuka sana, mstari umesogea sana. Palipoinuka kidogo, umesogea kidogo. Mwenye kuujua mwelekeo wa jua na mahali pa jicho aweza kuupima msogeo huo na kutaja kimo cha kila sehemu ya chungu bila kukigusa.

Jambo moja zaidi lastahili kuangaliwa. Mtazamaji akihama mpaka jua likawa nyuma ya kichwa chake kabisa, kupinda kote hutoweka, na mistari huonekana imenyoka ingawa chungu kiko pale pale. Maana yake ni kwamba mwanga na jicho havina budi kutoka pande mbili tofauti. Jua, jicho na nukta ya chunguni hufanya pembetatu, na pembetatu hiyo ndiyo hupima. Ikibanwa ikawa mstari mmoja, kipimo hakipo.

Mnamo 1970 mtaalamu wa Kijapani aitwaye Takasaki alieleza njia iliyotumia kanuni hii hii. Aliweka chaga ya nyuzi mbele ya kitu, akakimulika kwa taa kutoka upande, kisha akakitazama kwa kupitia nyuzi zile zile. Nyuzi na vivuli vyake vilipopishana, ilitokea mistari mipya juu ya kitu hicho, mfano wa mistari ya kontua kwenye ramani. Baadaye njia hiyo ilitumika Japani kukagua migongo ya wanafunzi: mgongo ulionyoka huonyesha mistari inayolingana kushoto na kulia, na uliopinda huonyesha mistari isiyolingana, na mtoto hajaguswa hata kwa kidole. Vifaa vya leo hurusha mistari ya mwanga badala ya vivuli, na kamera huisoma badala ya jicho.

KUTOKA KANISANI HADI ANGANI

Kilima hakiwezi kumulikwa chote kwa taa. Lakini pembetatu yaweza kupatikana kwa njia nyingine, yaani kutazama kutoka mahali pawili. Macho ya binadamu yameachana sentimita 6 au 7, na kwa sababu hiyo kila jicho huona jambo lile lile kwa tofauti ndogo. Tofauti hiyo ndiyo humwezesha mtu kujua kikombe kiko karibu na mtungi uko mbali.

Mwaka 1858 msanifu wa majengo wa Kijerumani, Albrecht Meydenbauer, alikuwa akipima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Akiwa juu ukutani alinusurika kuanguka. Tangu siku hiyo alianza kufikiri kwamba ukuta waweza kupimwa kutoka chini kwa picha zilizopigwa mahali mbalimbali, na mwaka 1885 akaanzisha mjini Berlin taasisi ya kazi hiyo. Elimu hiyo huitwa fotogrametria. Asili yake, kama inavyoonekana, ni mtu aliyeogopa kufa kwa ajili ya kipimo, na hofu hiyo yaeleweka vizuri mahali penye miteremko.

Ndege zilipokuja, kamera zikapanda nazo. Ndege hupita juu ya nchi kwa mstari, na picha hupigwa kwa namna ambayo kila moja huifunika iliyotangulia kwa kiasi cha asilimia 60. Hivyo kila kilima huonekana katika picha mbili au zaidi, kana kwamba jitu lenye macho yaliyoachana mamia ya mita limekitazama. Mistari ya kontua ya ramani nyingi za Afrika ya Mashariki ilichorwa kwa njia hiyo. Setilaiti nazo zikafuata. Ile ya Kijapani iitwayo ALOS, iliyorushwa Januari 2006 na kufanya kazi hadi 2011, ilibeba kamera tatu za kazi hiyo: moja ilitazama mbele, moja chini, na moja nyuma. Setilaiti moja ikipita mara moja ilikiona kilima kutoka pande tatu.

Ramani ya vimo iliyotokana na picha hizo hutolewa bure, lakini kwa vipande vya mita 30 kwa mita 30, na kila kipande kina namba moja tu ya kimo. Kwa bonde zima hiyo yatosha. Kwa mwenye nyumba haitoshi. Mraba wa mita 30 waweza kumeza nyumba, jiko, migomba, mtaro na ukingo uliochimbwa nyuma ya nyumba, vyote vikapewa namba moja. Ndiyo maana siku hizi wataalamu, wakitaka kuona mteremko mmoja kwa ukaribu, hurusha ndege ndogo isiyo na rubani ikapiga mamia ya picha kutoka kimo cha chini, kisha kompyuta ikazilinganisha na kupata nukta zisizoachana hata sentimita kumi.

MWALE UNAOKWENDA NA KURUDI

Iko njia ya tatu ambayo haihitaji pembetatu, nayo ni leza. Mwale mfupi wa mwanga hutupwa chini, hugonga ardhi, na sehemu yake hurudi. Saa huhesabu muda uliopita. Mwanga hukimbia kilomita karibu 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa hiyo lazima iwe nyepesi ajabu: katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde mwanga huwa umekwenda sentimita 30, ambazo kwa safari ya kwenda na kurudi ni sentimita 15 za kimo.

Setilaiti ya Kimarekani ICESat-2, iliyorushwa Septemba 2018, hufanya hivyo kutoka kimo cha kilomita karibu 500, kwa mapigo 10,000 kila sekunde. Ilitengenezwa hasa kwa ajili ya kupima barafu za ncha za dunia, lakini njia yake hupita pia juu ya misitu na maziwa. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuingia katika nyumba za ufukweni, kupanda huko kulikuwa ni badiliko la uso ambalo vyombo vya angani viliweza kulifuata, pamoja na vipimo vya bandarini.

Leza ina faida moja kubwa kwa nchi ya migomba na michikichi. Picha huona kilele cha majani. Haioni udongo ulio chini yake. Lakini katika miale mingi ya leza, michache hupenya kati ya jani na jani, hufika chini na kurudi ikiwa imechelewa kidogo. Kwa kuchagua miale iliyochelewa kuliko yote, wataalamu hupata uso wa ardhi yenyewe, kana kwamba majani yamefunuliwa.

FUNZO LA BUKAVU

Kulijua umbo la kilima kwa siku moja hujibu swali la kwanza tu. La pili, kama kilima chasogea, hujibiwa kwa kukipima tena baada ya muda na kulinganisha. Mfano ulio karibu na Bugarama ni Bukavu, mji wa Kongo ulioko kusini mwa Ziwa Kivu. Mtaa wa Funu umejengwa juu ya poromoko kubwa la kale ambalo husogea polepole. Watafiti, wakiwamo wa jumba la makumbusho la Afrika lililoko Tervuren, Ubelgiji, waliweka pamoja picha za zamani zilizopigwa kutoka ndegeni, picha mpya na vipimo vya rada vya setilaiti, wakaufuata mwendo wa mteremko huo kwa muda wa miaka kama 70. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022.

Waliyoyaona yawahusu wote wajengao milimani. Mji ulipotanuka juu ya mteremko, mwendo wa ardhi uliongezeka, na sehemu zilizokuwa zimetulia zikaanza kusogea. Kisa kikubwa ni maji. Mabati na njia zilizoshindiliwa hukusanya mvua na kuimwaga mahali pamoja, na mabomba yavujayo huongeza. Maji yakizama ardhini kwa wingi mahali pasipostahili, udongo hulegea kutoka ndani. Yaani nyumba yenyewe, kwa jinsi inavyoyatoa maji yake, yaweza kuwa sehemu ya sababu.

MWANGA UNAPOSHINDWA

Pamoja na sifa hizo zote, mwanga una mambo unayoyashindwa. Wingu likifunika kilima, kamera ya setilaiti huona wingu, na Mumirwa hufunikwa zaidi katika miezi ile ile ya mvua ambayo habari zake zatakiwa sana. Rada, ambayo hutumia mawimbi ya redio badala ya mwanga, hupenya wingu. Kwa hiyo wataalamu huvitumia vyote viwili.

Nyuso nazo hazipokei mwanga sawasawa. Anayefanya lile jaribio la njiti alifanye kwa sufuria inayong'aa au iliyopakwa mafuta ya mawese, ataona mng'ao badala ya mistari. Alifanye kwa sufuria lenye masizi, vivuli vitapotea katika weusi. Wapimaji wa viwandani hukutana na tabu hiyo hiyo, nao hukinyunyizia kitu unga mweupe kabla ya kukipima. Mwenye sufuria la masizi aweza kujaribu unga kidogo wa muhogo.

Zaidi ya hayo, kipimo huwa cha siku kilipopimwa. Ramani iliyotokana na picha za 2006 hadi 2011 haiujui ukingo uliochimbwa mwaka jana. Aijuaye habari hiyo ni mwenye nyumba.

KAZI INAYOBAKI NYUMBANI

Kanuni ya kulinganisha vipimo viwili haihitaji setilaiti. Penye ufa ardhini, juu ya nyumba au kando yake, vigingi viwili vipigwe imara, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Umbali baina yao upimwe kwa kijiti kilichokatwa sawasawa na umbali huo, na kijiti kihifadhiwe ndani. Kila baada ya mvua kubwa kijiti kirudishwe. Kikilingana, ufa umetulia kwa siku hiyo. Kikiwa kifupi, vigingi vimeachana na ardhi inakwenda. Hapo si pa kungojea kipimo cha pili: watu wahame, kwanza watoto, wazee na wagonjwa, na viongozi wa kilima wapewe habari upesi. Dalili nyingine ni miti na nguzo zilizoanza kuinama, mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa wakwama, na chemchemi inayotokea pasipokuwa nayo au kugeuka matope.

Mahali ambapo mteremko umetulia, kazi ni kuuzuia udongo usiondoke. Mitaro ichimbwe kwa kufuata kontua, na majani ya mifugo yapandwe kwenye kingo zake. Kontua hupatikana kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyounganishwa juu, mti mmoja wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Fremu isimamishwe juu ya vigingi viwili na alama itiwe pale kamba inapoukata mti wa kukingama. Kisha igeuzwe, mguu wa kulia ukae penye wa kushoto, alama ya pili itiwe. Katikati ya alama hizo mbili ndipo pa usawa. Baada ya hapo fremu hutembezwa mlimani hatua kwa hatua, na kila kamba inapotulia katikati, kigingi hupigwa.

Lakini tahadhari haina budi kutolewa. Mtaro wa kontua hushika maji ili yazame. Katika mteremko uliokwisha kupasuka, kuzamisha maji ni kuulisha ufa. Hapo maji ya paa na ya uani yaelekezwe mbali, kwenye mkondo uliopandwa majani au kuwekwa mawe, na ufa wenyewe uzibwe kwa udongo ulioshindiliwa ili mvua isiingie. Dawa ya kilima kizima yaweza kuwa sumu ya kilima kigonjwa, na kuvipambanua viwili hivyo ndiyo faida ya kipimo.

Taasisi ya Jiografia ya Burundi, IGEBU, ndiyo ishughulikayo na ramani na habari za hali ya hewa za nchi. Kila kipimo cha mwanga kinachoonyesha mteremko wa hatari huwa na thamani pale kinapofika kwa familia iliyojenga chini yake, kwa lugha wanayoielewa, kabla ya Septemba mvua hazijaanza. Na kila familia inayotunza vigingi na kijiti chake huwa na jambo la kuwaeleza wapimaji, ambalo halionekani kutoka angani.